Kilo za Mama

Siku mjomba alipokuja kumwangalia mama baada ya kutoka hospitali, alitukuta wote wawili sakafuni. Nilikuwa nimejaribu kumtoa kitandani kumweka kwenye kiti, miguu yangu ikateleza, nikaanguka naye. Kiharusi kilikuwa kimeua upande wake wa kulia, kwa hiyo hakuweza kunisaidia kuinuka. Tulikaa pale chini, kichwa chake mapajani kwangu, tukimsubiri jirani yetu, mwanamke fundi cherehani wa chumba cha pili, arudi kutoka sokoni. Mjomba akamtangulia.

Alimrudisha mama kitandani peke yake, kisha akanipangusa vumbi begani. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba maji yamezidi unga: mimi mwembamba kama ufito, dada yake ana kilo sabini na moja, kadi ya hospitali inasema hivyo. Alinipa miezi mitatu. Atakuja Jumamosi, na akikuta bado siwezi kumnyanyua mama peke yangu, atamchukua akakae kwake.

Kwa mjomba tunakujua. Si watu wabaya, ila nyumba imejaa, na mgonjwa hulazwa chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Bibi alilala humo miaka miwili akiangalia ukuta mpaka alipokufa, na aliyekuwa akimpelekea chakula ni mama. Mjomba alipoondoka, mama aliniambia kwa ulimi wake uliokuwa mzito, "Mwanangu, kile chumba mimi siendi."

Wakati huo nilikuwa nafanya usafi kwenye jimu moja juu ya duka la rangi. Kupiga deki, kufuta mabenchi, kukusanya taulo zilizolowa jasho, kurudisha vyuma vidogo ambavyo wanaume wazima hushindwa kuvirudisha. Waliniita Fagio. Mmoja wao alieleza kwamba fagio nalo hufanya kazi kutwa na hujawahi kulisikia likisema neno. Walicheka, nami nikacheka kidogo, maana lilikuwa kweli.

Mwalimu wao walimwita Kocha. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, shingo fupi, mwenye kuongea polepole kana kwamba kila neno linampa kazi kulitoa. Asubuhi moja, kabla wateja hawajaja, alinikuta nimelikumbatia gunia bovu la ngumi lililotupwa pembeni, nahangaika kuliinua.

"Dada, hilo gunia limekukosea nini?"

Nililiachia, nikachukua ndoo yangu. Kesho yake akaniuliza tena, na kesho kutwa. Siku ya nne nilimjibu huku naangalia dekio.

"Nataka kumnyanyua mtu."

Akafikiri. "Mumeo?"

"Mama."

Akatabasamu. Aliniambia niwe nafika nusu saa kabla ya wateja, na niache viatu mlangoni.

Alinieleza kwamba wanaume wanaokuja siku ya kwanza hukimbilia kioo na kukunja mikono. Mimi mikono niisahau. Mtu hanyanyuliwi kwa mikono, mikono ni ndoano tu, kinachonyanyua ni miguu, makalio na mgongo. Kwa hiyo tungefanya mazoezi makubwa manne, yale yanayoamsha mwili mzima kwa pamoja: kuchuchumaa na chuma mabegani, kunyanyua chuma toka sakafuni, kusukuma chuma nikiwa nimelala benchini, na kuinama nikikivuta kuja tumboni. Wiki ya kwanza sikukigusa chuma chenyewe. Nilitumia mpini wa dekio. Mteja mmoja aliyewahi kufika aliniona akasema, "Jamani, Fagio anamnyanyua ndugu yake." Nilitaka sakafu inimeze. Kocha akamwambia aje yeye achuchumae na mpini huo mgongo ukiwa umenyooka. Alijaribu akapinda kama paka aliyemwagiwa maji, na hakunitania tena wiki hiyo.

Chuma kitupu, bila sahani za uzito pembeni, kina kilo ishirini. Ninyanyue mara tano, nipumzike, tano tena, nipumzike, tano tena. Zikitoka zote safi, siku inayofuata tunaongeza kilo mbili na nusu. Zisipotoka safi hatuongezi, hata nikilia. Nijaze hewa tumboni kabla ya kunyanyua. Nisikivute chuma, niisukume ardhi kwa nyayo. Siku tatu kwa wiki, siku nyingine nilale vizuri na nile mayai, kwa sababu mwili hauongezeki nguvu wakati wa kunyanyua, unaongezeka wakati wa kupumzika. Na kila kitu nikiandike kwenye daftari.

Yalikuwepo pia mazoezi ya nyongeza: kupanda benchi kwa mguu mmoja, kutembea na ndoo mbili za mchanga, kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mpaka tumbo litetemeke. Hayo niliyapenda zaidi. Yalifanana na kazi zangu, na hakuna mtu anayemwangalia mtu aliyebeba ndoo. Nilikuwa nikiyaanza kabla ya yale makubwa, na Kocha akanikataza. Alisema nyongeza ni chumvi, na hakuna aliyewahi kushiba chumvi.

Nyumbani nilimhadithia mama yote. Alinisikiliza kuliko mtu yeyote. Aliniuliza leo nimeongeza ngapi, na kama mguu wangu wa kushoto umeacha kutetemeka. Nilipomweleza habari ya kilo mbili na nusu, alisema, "Kumbe vitu vidogo hivyo."

Wiki ya sita nilimnyanyua. Nilipiga magoti nusu, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikajaza hewa, nikaisukuma ardhi, na mama akatoka kitandani akakaa kwenye kiti bila kuguswa na mtu mwingine. Akasema nimembeba kama gunia la viazi, lakini viazi vya bei. Wiki ya nane nilimfikisha mlangoni. Wiki ya kumi nikambeba mikononi mpaka uani, akakaa juani na kuwasalimia wapita njia kama malkia.

Kosa langu lilianzia hapo. Kwenye jimu chuma changu kilikuwa kimekwama kwenye kilo arobaini tangu wiki ya saba, na sikujali. Niliacha kuandika kilo za chuma. Kwenye daftari nikawa naandika "kiti", "mlango", "uani". Mama ndiye aliyekuwa kipimo changu.

Siku ya Jumatano, siku tatu kabla ya mjomba kuja, Kocha aliomba daftari. Alilifungua, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akalifunga. Nilimweleza kwa furaha, kwa sentensi nyingi kuliko zote nilizowahi kumwambia, jinsi ninavyombeba mama mpaka uani. Hakufurahi nami.

"Wiki tano hujaongeza hata nusu kilo hapa," alisema. "Chuma hakimwonei mtu haya. Sasa huko nyumbani kinachobadilika ni nini?"

Nilisema labda mtu ni tofauti na chuma. Akaingia ofisini kwake akatoka na ile mizani bapa ya kusimamia, akaniazima. Nisimame peke yangu, kisha nisimame nimembeba.

Jioni hiyohiyo nilifanya hivyo. Mimi peke yangu, arobaini na tisa. Mimi na mama, mia moja na moja. Nilimrudisha kitandani, nikachukua penseli nikatoa. Nikatoa mara ya pili. Hamsini na mbili. Kadi ya hospitali ilikuwa mezani, na sabini na moja yake haikuwa imefutika.

Mtu atauliza kama nilikuwa sioni. Mama hakukubali nimwogeshe. Alisema mtoto hapaswi kuuona mwili wa mzazi wake, na kazi hiyo aliifanya fundi cherehani mchana nikiwa kazini. Mimi nilimwona ndani ya magauni yake mapana na shuka. Shavu nililiona limeingia, nikasema ni kiharusi. Jioni aliniambia bado ameshiba cha mchana, nikaamini.

Nilikwenda kwa fundi. Alikuwa anapiga pindo, hakusimamisha hata mashine. Alisema ugonjwa humpunguza mtu, ni kawaida, ila mama anakula kidogo mno. Kisha akacheka. "Sahani unayomwachia asubuhi huwa anagusa tu. Huniambia nisikuonyeshe, usije ukavunjika moyo. Kuku wangu wamenona, binti, karibu nitawaanzishia jimu yao."

Niliporudi ndani mama aliniangalia usoni akajua. Sikuweza kumfokea, sijui kufoka. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na penseli yangu mkononi.

"Ulikuwa unaongeza huko," alisema taratibu, "na mimi nikawa napunguza huku. Nikaona tutakutana katikati."

Nilimwambia ale sasa hivi, nitampikia. Akashika kifundo cha mkono wangu kwa mkono wake mzima. Akasema nikimlisha leo na kesho ataongezeka, na Jumamosi nikimwangusha mbele ya kaka yake yote yatakuwa bure. "Ngoja Jumamosi ipite, mama yangu. Nitakula mpaka unikataze."

Siku mbili za chakula haziongezi kilo. Hilo nililijua, Kocha alikuwa amenifundisha jinsi mwili unavyochelewa. Lakini niliogopa kile chumba kama yeye. Nikakubali.

Jumamosi mjomba alikuja akakaa kwenye kigoda, mikono magotini. Sikusubiri aniambie. Nilimnyanyua mama, nikatoka naye mlangoni, nikazunguka uani, nikarudi, nikamweka kwenye kiti bila kumgonga mahali. Mjomba alitoa kitambaa akajifuta macho. Alisema hata yeye hangeweza kuzunguka hivyo. Kisha akainama akamtazama mama.

"Dada, umepungua."

"Na wewe umenenepa," mama akasema. "Kilo zangu zote umezibeba hapo tumboni."

Mjomba alicheka sana. Aliniambia mimi ni mwanamume wa nyumba hii, akakunja ile hoja ya kumhamisha mama na hajaikunjua tena.

Alipotoka tu nilipika wali laini na mayai mawili. Mama alikula vijiko vitatu, cha nne kikarudi. Nilidhani ni haraka. Jioni tena vikarudi, na Jumapili, na Jumatatu nikambeba mpaka zahanati. Muuguzi alimpima akapata hamsini kasoro. Alisema tumbo lililonyimwa miezi mitatu hujifunga, na koo lililopigwa na kiharusi linahitaji kutumiwa kila siku, la sivyo husahau kazi yake. Aliniuliza kwa nini sikumleta mapema, hata wiki iliyopita.

Kocha nilimweleza kwa ufupi. Alinirudisha kwenye kilo thelathini, akaniamuru niandike upya kila siku, na akawa ananisimamia nikila yai kabla ya kuondoka. Chuma kimeanza kupanda. Wiki iliyopita nilinyanyua hamsini toka sakafuni, mara tano safi, na wale wanaume wakapiga makofi. Mteja wa mpini wa dekio akasema sasa Fagio anaweza kumnyanyua yeye na mkewe.

Mama anakunywa uji wa maji, kikombe kimoja kwa saa nzima, nimemwinua kwa mito. Anajaribu kwelikweli. Husaga meno, hufumba macho, humeza, na hunipigia hesabu ya vijiko kwa vidole vya mkono wa kushoto: kimoja, viwili, vitatu. Siku nyingine vyote vinakaa. Siku nyingine havikai. Jana mizani ilisema arobaini na sita.

Asubuhi hii nilipiga magoti nusu, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikajaza hewa kama ninavyojaza kwa chuma. Kabla ya kuisukuma ardhi nilisubiri kidogo, nikiomba anishinde uzito. Akaja juu mara moja, kichwa chake kikaangukia shingoni kwangu, akaniuliza leo nimeongeza ngapi.

Nilimwambia hatujaongeza.