Ukoo wa Kalundella

Mutindi alifika kwa mama yake huko Mwala akiwa amechoka, hata kusalimia kulikuwa kazi. Alivua viatu, akaketi mkekani, akaanza kuchambua mbaazi bila kuambiwa.

Kalunde, mama yake, alimtazama. "Umekuja na uso wa mtu aliyetoka matangani. Ni mume ama ni kazi?"

"Ni kazi, mwaitu. Ni kile kijidudu chako."

Alikuwa bakteria, asiyeonekana kwa macho. Mutindi, mtafiti wa vijidudu, alimpata miaka michache nyuma, katika maji ya bwawa la mchanga ambalo akina mama wa hapo walijenga mtoni. Alipoona hafanani na wowote waliojulikana, alimfungulia jenasi mpya, akaiita Kalundella, kwa jina la mama yake. Jina la pili, la spishi, alilitoa kwa mahali alipompata: mwalensis, yaani wa Mwala. Nyumbani alieleza kwamba la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Kalunde hakusahau. Kanisani na sokoni alijulisha watu kwamba yeye ni ukoo mzima.

"Kimekufa?"

"Hakijafa. Kuna watafiti wamesoma jeni zake zote, wakaona ni cha ukoo wa zamani, uliokuwa na jina kabla sijaenda chuo. Wananiuliza kama nina pingamizi kabla hawajachapisha."

"Si upinge! Huna mdomo?"

"Nimepima upya, mwaitu. Wiki hizi zote natafuta pa kupingia. Mwanzoni nililinganisha jeni moja tu. Sasa ziko zote mezani, na wao wako sawa."

"Kwa hivyo nimefutwa."

"Jina la ukoo linaondoka. La pili linabaki, ndiyo kanuni. Mwalensis kitahamia nalo huko."

Mikono ya Kalunde, iliyokuwa pia ikichambua mbaazi, ilisimama. "Mwala inabaki?"

"Inabaki."

"Mwala yote? Hata Mwelu wa ng'ambo ya mto, aliyebeba mawe ya bwawa asubuhi moja akasema mgongo unamuuma?"

"Mwelu pia ni wa Mwala."

"Basi Mwelu yuko ndani, mimi niko nje." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Hungenipa mimi hilo la pili?"

Wakati ule wa kutoa majina, Mutindi aliona ukoo ndio heshima kubwa zaidi. Alitoa simu, akaandika polepole kwamba hana pingamizi, matokeo yake yanakubaliana na yao. Kisha kidole kikasita.

"Ukituma," Kalunde akauliza, "huko kanisani niseme nini?"

"Sema nilikosea."

"Siwezi kusimama mbele ya watu niseme mtoto wangu alikosea." Akarudia mbaazi zake. "Tuma tu. Nitasema jina nimewaachia watu wa Mwala."

Mutindi akabonyeza. Mtandao ulikuwa hafifu, na kabla ujumbe haujaenda, alikuwa amesinzia palepale mkekani.