Mbuni wa Waziri na Mume Wangu

Mume wangu Mayaka alilea mbuni kwa miaka miwili, na kwa miaka yote miwili yule ndege alinichukia. Matiko, rafiki yake mfugaji wa huko karibu na mpaka wa Tanzania, ndiye aliyemletea kifaranga kwenye kikapu. Mayaka akamlisha kwa mkono, siku za baridi akalala naye jikoni, mpaka akawa mrefu kuliko mlango wetu hapa Migori. Maji hanywi asipopewa na Mayaka. Mimi nikikaribia, ananirushia teke.

Mwaka wa tisini na nne, diwani wetu Wangwe akasikia kwamba waziri mmoja anakuja Homa Bay kwa harambee. Kila kata ilitakiwa kuleta zawadi, na Wangwe alikuwa amechoka kupeleka mbuzi kama watu wote. Akaja kutuomba mbuni. Na kwa kuwa mbuni hali bila Mayaka, akasema Mayaka ataondoka naye, akakae kwenye shamba la waziri, mbele ya Nairobi huko. Nilipomuuliza mpaka lini, alikohoa.

Aliyewatia watu wazimu ni Mwalimu Oyaro, anayefundisha historia. Alisimama kanisani Sabato alasiri akaeleza kwamba karibu miaka mia sita iliyopita mfalme wa Malindi alimpelekea mfalme wa Uchina twiga kwa meli, na mfalme mwenyewe akatoka kumpokea. Wafalme wa zamani, alisema, walipeana tembo na simba kama sisi tunavyopeana kuku. Watu wakamgeukia Mayaka kana kwamba twiga ni yeye. Nilimngoja mwalimu mlangoni, nikamuuliza yule mtu aliyekuwa akimlisha twiga alirudi kwao lini.

"Kitabu hakisemi, Mama Mellen," akanijibu.

Tangu siku hiyo sikupata usingizi wa maana. Nilimkasirikia diwani, nikamkasirikia mwalimu na yule ndege, na zaidi ya wote Mayaka, kwa kuwa hakukataa. Lakini mdomo wangu, ambao Migori nzima inaujua, ukawa kimya kama maji ya mtungini. Ningesema nini, na majirani wanapishana mlangoni kutupongeza? Nilifua mashati yake, nikayapiga pasi, nikayakunja, naye akinitazama. Wiki mbili tulizungumza habari za chumvi na mafuta ya taa tu.

Siku yenyewe tulipanda lori pamoja mpaka Homa Bay. Uwanja ulikuwa umejaa. Mayaka akamwongoza mbuni kwa kamba hadi mbele ya jukwaa, watu wakapiga makofi, na Wangwe akatangaza kuwa kata yetu inamtoa ndege pamoja na mchungaji wake. Alisema hivyo, kama mtu anayetoa sufuria na mfuniko wake. Miguu ikanipeleka mbele kabla sijaamua. Askari akanishika mkono, lakini waziri akamwambia aniache niseme.

"Mheshimiwa, kwetu mtu akitoa ng'ombe, anafungua kamba yake anarudi nayo nyumbani. Ng'ombe inaenda, kamba inabaki. Huyu bwana ndio kamba yangu. Ndege, chukua."

Wanawake waliokuwa nyuma wakapiga vigelegele. Waziri alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hata kwao desturi hiyo ipo, mama arudi na kamba yake. Wangwe alinikata jicho ambalo sijalisahau. Mayaka hakucheka. Alivua koti lake, akamfunika mbuni kichwa, maana mbuni asiyeona hutulia, akampandisha polepole kwenye lori la waziri akimnong'oneza. Kama huko walijua kumnywesha maji au hawakujua, mimi sikuambiwa.

Lori lilipoondoka tulikaa kwenye nyasi pembeni mwa uwanja. Nilijua nimemwaibisha mbele ya watu, kwa hiyo nikaanza kujitetea: mara desturi, mara watoto, mara shamba halina mtu. Akainua mkono ninyamaze. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilidhani ni kwa ajili ya ndege.

"Wiki mbili nimengoja mtu aniambie nisiende," akasema. "Kila siku wewe unapiga pasi tu. Nikasema basi, hata wewe umenitoa."