Bonde la Mzee Manyanda

Tangu macho yake yapofuke, Mzee Manyanda wa Kasansa alipenda kusomewa Maandiko kila mchana, ng'ombe wakishapelekwa malishoni. Aliyemsomea ni mkwewe Matilda, mjane wa mwanawe Mwandu. Mwandu alichukuliwa na mto akivusha ng'ombe wakati wa masika, na mwili haukuonekana. Tangu hapo mzee alikataza jina lake lisitajwe pale nyumbani. Matilda alitii, hata kulia alikwenda kulilia shambani.

Kiangazi hicho mzee aling'ang'ania sehemu moja tu, ya nabii aliyesimamishwa kwenye bonde lililojaa mifupa mikavu.

"Rudia, mama."

"Baba, tumeisoma jana na juzi."

"Umenisomea bonde la nabii. Mimi natafuta la kwangu. Limo humu." Akagusa kifua.

Matilda akasoma. Alipofika mahali mifupa inaposogeleana, akasikia vitu vikavu vikigongana taratibu, kama kuni zinazopangwa. Akadhani ni bati linatanuka kwa jua. Akaacha kusoma ili asikilize. Sauti haikukoma. Ilitoka kwa mzee, naye alikuwa ametulia tuli, mikono magotini, midomo ameifumba.

"Na wewe unasikia?" mzee akauliza.

"Nasikia, Baba."

"Mama yangu kasimama. Wadogo zangu tuliowazika njiani tukihamia huku, wamesimama. Kuna mmoja amelala. Nikimkaribia ananipa mgongo."

Matilda alitaka kukimbia, lakini hakuinuka. Chumba kilianza kunuka matope ya mto, na nje ilikuwa vumbi tupu.

"Mwite, Baba."

"Nimwite nani?"

"Unamjua."

Ndani ya kifua cha mzee kitu kikagonga mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyefungiwa mlango.

"Mwandu," akanong'ona. Kisha akapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto: "Mwandu, mwanangu!"

Mgongano ukakatika. Pumzi ndefu ikapita chumbani, ikafunua kurasa mapajani mwa Matilda, lakini pazia la mlangoni halikutikisika.

Matilda akaangua kilio ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza. Mzee akapapasa mpaka akaupata mkono wake. Ng'ombe waliporudi, wawili hao walikuwa bado wamekaa, wanasimuliana jinsi Mwandu alivyopenda maziwa mgando, na alivyoimba vibaya.