Mguu wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka, ule unaoitwa Parkinson, na madaktari walikuwa wamempitishia nyaya nyembamba hadi ndani ya ubongo. Kifaa kilichofichwa chini ya ngozi ya kifua kilipeleka umeme kidogo wa kutuliza mitetemo. Mkononi na mguuni alivalishwa mikanda ya kupima mwendo, ili daktari aone kwenye kompyuta jinsi mwili unavyotikisika huko nyumbani, na umeme uongezwe au upunguzwe ipasavyo.

Mwanzoni mambo yalimnyookea. Kisha mikanda ikaanza kusema mguu wa kulia unatetemeka vibaya kila asubuhi. Daktari akaongeza umeme, halafu akaongeza tena. Mtetemo haukupungua hata chembe, ila kwa umeme kuzidi ulimi wa fundi ukawa mzito, maneno yakamtoka kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni. Yeye, mtu wa porojo tangu ujana, sasa hata kuomba maji ilikuwa kazi!

"Mzee, hapa nina wasiwasi," alisema daktari siku ya kliniki, mama mwenye miwani asiyependa mizaha. "Huenda waya umesogea. Kama ni hivyo, itabidi turudi chumba cha upasuaji."

Fundi akajishika kichwa. Kufunguliwa kichwa mara ya pili!

"Asubuhi huwa anafanya nini?" daktari akamuuliza mke wa fundi, aliyekuwa amemsindikiza.

"Afanye nini, Daktari? Nimempiga marufuku hata kufagia. Nikienda dukani kwangu namwacha kwenye kiti, nikirudi namkuta kwenye kiti."

Fundi akatazama dari. Ukweli ni kwamba mkewe akishakata kona tu, yeye huyo kwenye cherehani yake ya kukanyaga, anashona sketi za shule za wateja wake wa zamani. Mkono ulikuwa umetulia, mshono unanyooka, angekaaje bure? Lakini akisema, nyumbani hapatakalika. Asiposema, atapasuliwa kwa ajili ya sketi.

Alijaribu kusema, ulimi ukagoma. Basi akasogeza mguu wa kulia mbele, akaanza kukanyaga sakafu: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Kwenye kompyuta ya daktari mawimbi ya mkanda yakainuka, yaleyale ya kila asubuhi. Akaacha, yakalala. Akaanza tena, yakainuka.

Daktari akatazama mguu, akatazama kompyuta. Mkewe ndiye aliyeelewa kwanza.

"Cherehani!" akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye foleni ya nje. "Mzee wewe, cherehani!"

Daktari asiyependa mizaha alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe muda wote tunatibu kazi! Mkanda hauwezi kujua kama mguu unatetemeka au unashona. Nilitakiwa kumuuliza yeye mwenyewe." Akaanza kupunguza umeme taratibu, huku akimchungulia mgonjwa wake mdomoni.

Mkewe alikuwa bado amesimama, mikono kiunoni, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Siku zote hizi najifungia jikoni nalia, nadhani ugonjwa unakuchukua. Kumbe wewe unashona!"

"Nisamehe, mke wangu," fundi akasema. "Nipo."

Yalitoka safi, kila neno mahali pake. Mkewe akashusha mikono, hasira zote zikamwisha.

"Sema tena," akamwambia.