Jina la Mwenye Ng'ombe

Simu za mkononi zilipofika Fumba, na ng'ombe nao wakaanza kutibiwa kwa simu, wakubwa wa mifugo mjini waliona hatari kwa taifa. Wakatoa kanuni: daktari asiagize dawa ya mnyama asiyemwona mpaka ajaze fomu, na fomu inaanza na jina la mwenye mnyama.

Kanuni hiyo ilimkuta Bi Mwanaasha amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, maana hapo ndipo mtandao ulipopatikana. Mbele yake ng'ombe alikuwa amevimba kama ngoma. Alikuwa amekula beseni zima la unga wa maandazi uliotiwa hamira, na hamira haijali iko ndani ya beseni au ndani ya ng'ombe.

"Jina la mwenye ng'ombe?" aliuliza Daktari Badar kwenye simu, kutoka Mlandege mjini.

"Baba Hija."

"Hilo la nyumbani, Bi Mwanaasha. Fomu inataka la cheti."

Mwanaasha aliihamishia simu sikio la pili. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajapata kulitamka jina la mumewe. Alifunzwa hivyo na bibi yake, na bibi hakufunza kwa maneno matupu. Mume mwenyewe yuko Pemba harusini, na majirani wote wako pwani kwenye mwani.

"Basi n'takutajia majina, wewe guna tu n'kilifikia lake," alisema daktari. "Machano?"

"Huyo shemegi yangu."

"Makungu?"

"Huyo marehemu, Mungu amrehemu. Daktari, ng'ombe anakaa chini."

"Nnamsikitikia, lakini n'kikupa dawa bila ya jina, leseni yangu inakwenda. Zahran?"

"Fumba hii ina Zahran gani?"

Ng'ombe akalala ubavu, akatoa ulimi. Mwanaasha alimtazama: maziwa ya watoto wanne hayo yamelala.

"Andika Mwanaasha binti Mcha."

"Wewe ndiye mwenye ng'ombe?"

"Tangu hivi sasa."

Kalamu ilisikika ikikwaruza. Kisha daktari akaagiza: amwinue, miguu ya mbele iwe mahali pa juu, amnyweshe chupa ya mafuta ya kupikia polepole asije akapaliwa, amsugue ubavu wa kushoto. Baada ya nusu saa ng'ombe akapiga mbweu iliyowatoa kuku bandani.

Nakala ya fomu, yenye muhuri, ilifika siku moja na mume. Aliisoma mara mbili, akakaa.

"Mama Hija, jina langu lilikushinda nini kulitaja?"

"Nikutaje mume wangu kwa mwanamme wa watu, tena kwenye simu? Adabu gani hiyo?"

Mume akainuka. Akachukua mundu, akaenda kumkatia majani ng'ombe wa mkewe.