Stata Ndogo ya Mwalimu Nyangau
...tena ndogo namna ile, ndogo hata fundi Jitendra ameishika kwa mkono mmoja huku wa pili ukikuna sikio, na ile ya zamani, iliyolazwa pale kwenye gunia, jana ilitolewa na watu wawili wakihema, sasa kitu kidogo hivyo kitazungushaje injini ya gari la mwaka wa hamsini na mbili, hapana, hapa kuna jambo, Mwalimu Nyangau alijiambia akiwa amesimama kando ya boneti iliyo wazi, begi lake la shule amelibana kwapani, kuna jambo na jambo lenyewe si stata, stata ni chuma tu, jambo ni nani aliyeitaka, maana yeye hakuitaka, tangu stata ya zamani iungue ni miaka minne anawasha gari lake kwa hendeli, anaichomeka pale mbele, anazungusha mara mbili, tatu, injini inakohoa, inakubali, amewahi kumlalamikia nani? Hakuna. Aliyeitaka ni Orpah, mke wake, na wala hakuja kumwambia wakiwa wawili, la, alingoja Sabato, pasta amekaa mezani na ugali wa wimbi mkononi, wageni wamejaa hadi barazani, ndipo akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Baba Mokeira, nimeongea na fundi kule Kisii, anayo stata ndogo itakayoingia kwenye gari letu," letu, na pasta kabla hata hajameza akasema hilo ni jambo jema sana, Mwalimu, kwa kazi ya Bwana, sasa mbele ya pasta mtu atakataa kwa sababu gani, aseme nini, aseme hataki gari lake liwake? Alitabasamu. Na Orpah akaenda kuongeza mboga ya chinsaga kwenye bakuli kana kwamba hakusema kitu.

"Hii iko na gia ndani yake, Mwalimu," sauti ya Jitendra ilitoka chini ya gari, miguu yake tu ndiyo inaonekana, "ile yako ya zamani ilikuwa nazungusha moja kwa moja, hii ni ndogo lakini nakimbia sana, halafu gia napunguza mbio naongeza nguvu, wewe mwalimu utaelewa," ndiyo, ameelewa, anafundisha sayansi darasa la saba, nani asiyeelewa gia, lakini mbona unaeleza sana, Jitendra, nimekuuliza? Na lile bamba la chuma la kushikilia stata, lenye matundu yaliyotobolewa sawasawa, gari limeingia gereji jana mchana na bamba lilikuwa tayari juu ya meza, sasa lilipimwa lini, kwa macho? Akainama kidogo kuangalia ile karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya vaisi ya kubania vyuma, karatasi ya mistari, imechanwa kwenye daftari la shule, na juu yake mchoro wa stata ya zamani, urefu hapa, bolti hadi bolti hapa, na zile tarakimu anazijua, ile saba yenye mkia mrefu, ni mwandiko wa Orpah... ooh. Kumbe. Kumbe siku ile alipomkuta ameinama ndani ya boneti na tepu yake ya kushonea, akamuuliza unafanya nini humo, akajibu anatafuta kuku anayetagia ndani ya injini, na yeye Nyangau, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, akamsaidia kumtafuta kuku! Dakika ishirini wamemtafuta kuku. Aibu ikampanda shingoni akawa anajifuta jasho ambalo halipo.

Kwa sababu, hebu tufikiri taratibu, mtu wa Kisii anataka stata ya nini? Nchi yote hii ni miteremko, kila mwenye gari bovu analiegesha likitazama chini, asubuhi anaachia breki, linajiteremkia lenyewe, anatia gia ya pili, limewaka, kutoka Nyamira hadi Kiogoro hutakosa mteremko wa kuwashia gari, ni yeye peke yake, Nyangau, anayeegesha pahali palipo sawa, nyuma ya jiko, pahali alipopachimba mwenyewe kwa jembe siku sita hadi kilima kikakaa kama sakafu, majirani wakamcheka, Mwalimu wewe unachimbia gari kaburi? akawaambia breki ya mkono haiaminiki, na walikubali, maneno ya mwalimu hukubaliwa. Breki ya mkono ni nzima. Breki ya mkono haijawahi kuwa na kasoro hata siku moja. Alichimba pale ili gari lisiweze kuwaka bila hendeli, na hendeli... akalibana begi zaidi, kile chuma kikamgusa mbavu, kimo humo, kimefungwa kwa gazeti katikati ya madaftari ya darasa la saba, kinakwenda naye shuleni Jumatatu hadi Ijumaa kwa miguu, na hata leo hapa gereji kimekuja, mazoea tu. Ni kaka yake Ombati aliyeyaanzisha, Ombati na mdomo wake, siku gari lilipoletwa nyumbani, stata yake imeshaungua, kutoka kwa mzungu mmoja wa shamba la chai aliyekuwa anarudi kwao, Orpah akaliingiza langoni kwa kurudi nyuma, mara moja, bila kugusa hata mgomba, alijifunza kwa wale mamisionari alipokuwa muuguzi kwao, ana leseni tangu sitini na sita, ya Nyangau ni ya sitini na tisa, na Ombati akamwinamia sikioni, "Huyu akishika usukani, wewe utakaa wapi?" Alicheka. Wiki iliyofuata akaanza kuchimba.

Na sasa stata. Mwanamke anayetaka kuondoka haagi, anaomba stata, ndiyo maana yake, maana tangu Aprili nyumba imenyamaza, anapika, anamchana Mokeira nywele, anaimba kanisani, lakini akiulizwa jambo anajibu hilo hilo tu, na juzi juzi leseni yake imetolewa kwenye sanduku, imelala juu ya meza karibu na Biblia, imefutwa vumbi, nani anafuta vumbi leseni asiyotaka kuitumia? Atakwenda kwao Marani. Atampakia mtoto na cherehani, atabonyeza, litawaka, na yeye Nyangau atarudi kutoka shuleni akute pale nyuma ya jiko patupu, kisha Ombati aje amsimamie pembeni akitikisa kichwa. Aseme sasa, aseme, Fundi acha, ondoa kitu chako, rudisha gari langu lilivyokuwa, ni gari lake, jina lake ndilo liko kwenye kitabu cha gari, "Jitendra," akaita, "Jitendra, sikiliza kidogo—" na kule chini spana ikasita.

"Ngoja, Mwalimu, namaliza bolti ya mwisho. Usiogope, itashika. Mimi nilimwambia huyu mke wako, omong'ina, nikasema mama, mbona usingoje mzee aamue, naye akaniambia hapana, hendeli yetu ilipotea, mzee anahangaika sana asubuhi. Pole sana, Mwalimu. Hendeli ya gari hii siku hizi haipatikani."

Ilipotea. Alisema ilipotea? Nyangau akasahau kumkataza fundi... ilipotea wapi, na iko hapa, imemchoma mbavuni, na Orpah anajua haikupotea, au hajui, lazima hajui, baada ya ile Jumanne ya Aprili alimwambia ilikuwa chini ya kiti... usiiwaze Jumanne, Nyangau, waza stata, lakini Jumanne imeshaingia, saa nne ya asubuhi mtu wa baiskeli kutoka Marani, mama yako anakuita, Orpah, njoo upesi, na gari liko pale pale kwenye sakafu yake, petroli imo, ufunguo uko msumarini, hendeli haipo. Alimwita jirani yao Drusilla na wanawake wengine wawili wakasukuma, matope ya mvua ya usiku, na pale pa kutokea panapanda kidogo, yeye Nyangau alipaacha pande makusudi, wakasukuma hadi wakaanguka magoti, gari halikutoka. Orpah akaenda kwa miguu hadi barabarani, akapata lori hadi Kisii, kutoka hapo akatembea tena, akafika saa kumi. Mama yake alikuwa amekata roho saa nane. Nao waliokuwa kando ya kitanda wakamwambia, wala hawakumwambia kwa ubaya, kwamba hadi adhuhuri mama alikuwa akiuliza, nyamazeni, kuna gari linasikika? Jioni ile Nyangau alitoka shuleni akaikuta alama ya miguu ya wanawake nyuma ya gari, vidole vimezama kwenye tope, na kabla ya kuuliza kitu chochote alichukua jembe akaifuta. Akaisukuma hendeli chini ya kiti. Orpah aliporudi baada ya mazishi akamwonyesha, tazama, mbona ilikuwa hapa, hukutazama vizuri, na Orpah akaitazama hendeli, akamtazama yeye, akasema, "Labda sikutazama vizuri."

Alijua. Alijua pale pale, yule mwanamke, na akalala naye kitanda kimoja miezi mitano akijua... na begi, Mungu wangu, begi, Mei lilitoboka chini, tundu la duara, madaftari hayatoboi begi, naye Orpah akalishona usiku huo huo kwa turubai, kitambaa mara mbili, pale pale penye ncha ya chuma, akamrudishia asubuhi, "Sasa halitatoboka tena," hakuuliza kilichotoboa. Wala hakumwambia Drusilla, maana Drusilla angemwambia Nyamira nzima. Hata huyu Mhindi wa watu, mtu baki, angeweza kumwambia mume wangu ananifungia gari, angekuwa amesema kweli, naye akaona amfichie aibu, akasema ilipotea. Anamsitiri au anamcheka? Anamsitiri. Hapana, yeye Nyangau hajui, hajui kitu kuhusu mwanamke huyu, alikuwa anachunguza chuma miaka yote, na macho yakamwasha akajisingizia moshi, ingawa hakuna injini iliyokuwa imewashwa.

"Haya," Jitendra alijivuta kutoka chini ya gari, akakaa chini na waya mwekundu mkononi na kitufe kidogo cheusi, "stata imekaa, sasa bado hii swichi. Niweke wapi? Naweza kuificha huku chini, nyuma ya redio, asiyejua hawezi kuwasha. Wengi wanataka hivyo, wezi mingi. Mtu mmoja tu anajua. Au niweke wazi?" Nyuma ya redio. Mkono wa Nyangau ulikwishaanza kuonyesha, ulienda wenyewe, nyuma ya redio, ndiyo, giza, kidole kimoja tu kinachojua njia, na aliuona mkono ule ukienda akauogopa. Akiiweka wazi ataondoka. Huenda asiondoke. Lakini akiondoka ataondoka kwa haki, na akibaki, itakuwa ni kwa mara ya kwanza tangu siku lile gari lilipoingia langoni, mtu amebaki kwake kwa kupenda, na kati ya hayo mawili Nyangau hakujua lipi litatokea, aliogopa, aliogopa kweli kweli.

"Mwalimu? Wazi ama ndani?"

"Wazi," akasema. "Hapo mbele, mtu akikaa aione."

Jitendra akaingia kwenye kiti cha dereva, akanyoosha mkono, akaweka alama ya chaki. "Hapa? Mkono wako unafika?"

"Wangu unafika. Sogeza kidogo huku, karibu zaidi," Nyangau akasema. "Mama Mokeira ni mfupi."