Nani Kajitolea Zaidi

Pale kiwandani kwa madobi walimwita Pasi, na jina hilo hakupewa kwa ubaya. Shuka lililopita mikononi mwake lilitoka limenyooka kama karatasi mpya, na hata waliomwonea kijicho walikiri kwamba mwanamke yule alizaliwa na joto viganjani. Wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, alifanya kazi hapohapo. Yeye walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kufungwa. Alisimulia akifua, alicheka akikunja, na habari za mtaa zilimfikia yeye kabla hazijawafikia wenyewe.

Enzi za tajiri mwenye kiwanda, wanawake hawa wawili hawakuwa na raha. Kila mwisho wa wiki tajiri alisimama mlangoni akatangaza nani kanyoosha mashuka mengi kuliko wenzake. Aliyeshinda alipewa meza ya dirishani, penye hewa. Aliyeshika mkia aliambiwa asijisumbue kuja Jumatatu. Meza ile ilikuwa ya Pasi, kisha ya Chiriku, kisha ya Pasi tena, na ndani ya nyumba moja mawifi wale walikula sahani moja huku kila mmoja akiuangalia mkono wa mwenzake.

Tajiri alipofariki, watoto wake hawakutaka habari za sabuni na mvuke. Wafanyakazi wakakaa, wakajadiliana, wakakichukua kiwanda kiwe ushirika wao. Siku ya kikao cha kwanza ni Pasi aliyesimama mbele ya wote. Alisema amechoka kumwombea mwenzake aungue kidole ili yeye amtangulie. Akataka kazi zote ziende kwa zamu, mapato yagawanywe sawa, anayeugua abebwe na wenzake, na neno mshindi lisitajwe tena ndani ya kuta zile. Aliposema hayo, Chiriku, aliyekuwa nyuma kabisa, akaja akamshika mkono.

Fundi wa boila, mwanamume pekee kati yao, hakuridhika.

"Binadamu hakuumbwa hivyo," alisema. "Hata mapacha hugombea ziwa la mama yao."

Bibi Sabuni, aliyeanza kufua kwa mikono kabla mashine hazijaletwa, alimjibu bila kuinua macho. "Ni kweli. Lakini wakishiba, hulala wamekumbatiana. Sisi tuanzie hapo."

Na kweli walianzia hapo. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa neema. Mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni yaliingia machafu yakatoka meupe, na hakuna aliyefukuzwa. Mmoja wao alipofiwa na mama, walimshikia kazi mpaka machozi yalipokauka. Maseremala wa mtaa wa pili walikuja kutazama mambo yanavyokwenda, wakafuatwa na waokaji mikate, na jioni wakati wa chai wanawake wale walikuwa wakiota kwamba ipo siku mji mzima utaishi hivyo, mtu akipata nafasi ya kupumua bila kumkaba mwenzake koo. Pasi alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu usichana wake.

Mambo yaliharibika kwa neno jema.

Ilikuwa kwenye kikao, Bibi Sabuni akitoa shukrani. Alisema mmoja wao alipougua, Chiriku alifanya zamu yake na ya mgonjwa, hakulalamika, wala hakutangaza. "Ushirika unasimama kwa watu kama huyu," alisema, na watu wakapiga makofi. Pasi naye alipiga makofi. Lakini kitu kama mwiba wa samaki kilimkaa kooni, akashindwa kukimeza wala kukitema. Yeye ndiye aliyeuanzisha ushirika. Mbona yeye hakutajwa?

Wiki iliyofuata alishika zamu za wagonjwa wawili. Chiriku aliposikia, alitoa likizo yake akampa mama mwenye kitoto kichanga. Pasi akaanza kuja asubuhi mapema kufagia kabla wenzake hawajafika, na asubuhi moja akakuta pameshafagiwa na wifi yake yuko mlangoni anakung'uta ufagio, anatabasamu. Hawakugombana hata siku moja. Walibembelezana. "Wacha nikusaidie, wifi." "Hapana, wifi, wewe umechoka, kaa." Mtu asiyewajua angedhani ni mapenzi matupu. Wageni walipokuja kujifunza, walioneshwa wanawake hawa wawili, wakaambiwa hizi ndizo nguzo. Na wenzao, kama ilivyo ada ya watu, waliziegemea nguzo. Kulipokuwa na kazi nzito, macho yote yaliwageukia mawifi, nao wakajikaza kisabuni.

Kazi iliyokuwa nzito kuliko zote ilikuwa ya mashine kubwa ya kunyoosha, dude refu lenye mapipa ya chuma yanayozunguka kwa mvuke. Mmoja alisimama upande huu akilisha mashuka, mwingine upande ule akiyapokea. Joto lake lilimtoa mtu maji mwilini kama nguo inayokamuliwa, ndiyo sababu ushirika uliweka zamu fupi na kuamuru mtu akimaliza atoke nje akapumzike. Taratibu Pasi akaanza kusema yeye hajachoka, aongezewe. Na kila aliposema hivyo, Chiriku alikuwa ameshafika upande wa pili, ameshafunga kitambaa kichwani.

Jumapili moja mdogo wake Pasi alimfuata uani, alikokuwa akianika nguo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mke wake alimmalizia yote. Alizungukazunguka kwanza, akasifia kamba mpya, kisha akasema mkewe ana presha, amekutwa nayo hospitalini, imepanda vibaya, na ameagizwa akae mbali na joto. Amekataa kuwaambia kazini.

"Mimi hanisikilizi," alisema. "Pumzika wewe kwanza, dada. Wewe ukiwa umesimama, yeye hawezi kukaa."

Pasi alimhakikishia kwamba atapumzika, kesho hiyohiyo. Na alikusudia kweli, Mungu shahidi. Lakini alipobaki peke yake na nguo zake zilizolowa, wazo lilimjia, dogo na baya: Nikikaa mimi kwanza, watasema ni nani aliyechoka? Alilifukuza. Likarudi. Ndiyo kawaida ya wazo la namna hiyo, halibishi hodi.

Asubuhi alikwenda kazini kuaga tu, waandike kwamba hayupo. Akakuta mashuka ya hospitali yamejaa mpaka mlangoni na wa zamu ya mashine hajafika. Angeweza kumwita Bibi Sabuni amweleze hali ya wifi yake, jambo la sentensi moja. Badala yake alivua viatu vyake vya barabarani, akavaa vya kazi, akasimama mbele ya mashine. Alijiambia ni kwa muda mfupi tu. Hakuinua uso, lakini alisikia hatua zinazokuja, na akazijua.

Walifanya kazi hivyo asubuhi nzima, mashuka yakipita kati yao kama mto mweupe. Mwanzoni Chiriku alikuwa anasimulia kisa cha jirani aliyempeleka mbuzi kwa daktari wa meno, na watu wanacheka. Baadaye kisa kikakatika katikati. Pasi aliliona hilo. Aliona mashuka yanapokelewa kwa mkono mmoja. Akalisha jingine. Alingoja wifi yake aseme yeye kwanza kwamba inatosha, neno hilo tu, kisha wangetoka wote wawili wakakae kivulini.

Hilo neno halikusemwa. Shuka lilitoka upande wa pili likaanguka sakafuni bila kupokelewa, la pili likaanguka juu yake, na fundi wa boila akakimbia kuzima mvuke.

Chiriku hakufa. Alirudishwa nyumbani upande wake wa kulia umelala na ulimi umekuwa mzito, mwanamke aliyekuwa redio ya mtaa sasa akitoa sauti ambayo hata mumewe alilazimika kuibahatisha. Pasi alihamia kitandani pake, kwa namna ya kusema. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza, alifua. Majirani walikuja kumpa pole mgonjwa wakaondoka wakimsifu muuguzi: wifi kama huyu hajazaliwa mwingine. Pasi alipoyasikia maneno hayo, alihisi utamu wa zamani ukimteremka kifuani, uleule, na mwili ukamsisimka kwa kuchukizwa na nafsi yake.

Siku moja alikuwa kando ya kitanda anakunja mashuka aliyoyafua. Akahisi shuka likivutwa. Chiriku alikuwa ameshika pembe kwa mkono wake mzima. Pasi alidhani anahisi baridi, akataka kumfunika. Lakini hapana. Alikuwa anajaribu kukunja. Jasho lilimtiririka, mshipa umemsimama shingoni, na macho yake hayakuwa kwenye shuka; yalikuwa kwenye mrundo wa Pasi.

Mdogo wake aliliona hilo akiwa mlangoni. Alimtoa dada yake nje kwa upole, akamwambia jambo ambalo ni wazi alikuwa amelibeba kwa muda.

"Ukiondoka, analala. Ukija, presha inapanda. Usije tena, dada. Waje wengine."

Pasi alitii. Alikwenda kwenye kikao akawaeleza wenzake kila kitu, la uani na la asubuhi ile, na alipomaliza hakuna aliyempigia makofi wala kumzomea. Fundi wa boila, ambaye angeweza kusema niliwaambia, alitazama mikono yake. Bibi Sabuni alisema kosa ni lao wote, waliona wawili wakiungua wakaota moto wao. Wakapanga zamu za kumuuguza Chiriku, kila mtu siku yake, jina la Pasi likaachwa nje kwa ombi la mume wa mgonjwa. Ushirika uliendelea. Maseremala nao waliunda wao, na walipokuja kuomba ushauri, waliambiwa ukweli, kwamba kumwondoa tajiri ndiyo kazi nyepesi.

Kila asubuhi Pasi humuuliza aliyekuwa na zamu jana mgonjwa kaamkaje. Wiki iliyopita Bibi Sabuni alimwambia kwamba Chiriku alicheka, ule mcheko wake hasa, mfupi lakini wenyewe. Pasi alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha, kabla hata hajamaliza kushukuru, akajikuta anajiuliza Bibi Sabuni alimwambia mgonjwa nini kikamchekesha, na kama yeye mwenyewe asingemchekesha zaidi.

Akainama, akachukua shuka jingine.